Uzi wa Buluu Tumboni mwa Nyamizi

Gari la reli lilikuwa limeshang'oka Usinge Kashindye alipomwona Nyamizi anakuja mbio, kilindo cha gome la mti kilichojaa asali kichwani.

Mbio zenyewe zilikuwa za mama mtu mzima, nusu mwendo nusu mchezo, lakini alikuwa analikaribia behewa la mwisho na watu wa stesheni walikuwa wanampigia vigelegele. Jana asubuhi huyu huyu alilazwa juu ya meza ndani ya behewa la tatu, tumbo limejazwa hewa likawa kama mpira, akatolewa kifuko cha nyongo na mawe yake yote kupitia tundu moja la kitovuni. Leo anashindana na gari.

"Baba Kashindye! Pokea! Nilisema nitaleta, si nilisema?"

"Tua hiyo!" Kashindye alikuwa ameshika chuma cha mlango, nusu ya mwili iko nje. "Uliambiwa wiki mbili usibebe kitu. Una masikio gani wewe?"

"Sisikii hata mwasho!"

Akanyoosha mikono yote miwili juu, kilindo kikapanda, Kashindye akakidaka. Hakuitazama asali. Alimtazama Nyamizi usoni wakati mwili ulipojinyoosha, akitafuta paji kukunjamana, pumzi kukatika, chochote kile. Hakuona kitu. Uso ulikuwa umejaa jasho na kicheko, na kwenye mkono wa kushoto bangili aliyovishwa na gari ilikuwa inawaka kijani, rangi ya mtu mzima.

Kulikuwa na neno alilotaka kumwambia. Alikuwa nalo tangu jana. Alifungua kinywa, gari likaongeza mwendo, na neno lililotoka likawa jingine.

"Haya, asante, mwanangu. Ubaki salama."

Nyamizi akabakia mwisho wa jukwaa, mikono kiunoni, anahema na kucheka. Nyuma yake yalionekana mabani ya kukaushia tumbaku, halafu miti, halafu miti mitupu.

*

Watu wa njia ile, kutoka Tabora mpaka Kigoma, waliliita Gari la Tundu. Lilikuwa na jina jingine refu ubavuni, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Lilipita kila miezi miwili, likalala siku mbili kila stesheni, na mtu aliyekuwa anakufa polepole kwa mawe au uvimbe alipanda ngazi tatu, akalala, akaamka na plasta moja kitovuni. Kabla ya gari hilo watu walibebwa kwa machela kwenda Tabora, na wengi hawakufika.

Kashindye alikuwa mshika kamera. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na alikuwa ameishia darasa la saba. Alikuwa amefanya kazi za chumba cha upasuaji katika hospitali saba za mikoa minne, hakukaa popote zaidi ya miaka mitatu, kwa sababu miguu yake haikupenda kuona mvua nne zikinyesha juu ya paa moja. Alifua mashuka, akachemsha visu, akashika taa. Alianza enzi za kisu kirefu, tumbo linapofunguliwa mpaka daktari anaingiza mikono yote, anaona kwa macho yake na kunusa kwa pua yake. Kwa hiyo matumbo aliyajua. Hakuna aliyempa cheti cha kuyajua, lakini aliyajua.

Ndani ya gari hakuna aliyenusa kitu. Moshi ulifyonzwa na mrija. Hata kutazama kwenyewe kulikuwa kwa namna nyingine, kwa sababu ya Mchoraji.

Kifaa cha umeme cha kukatia kikichoma, tumbo hujaa moshi. Damu hurukia kioo cha kamera, ukungu huingia. Picha halisi ya ndani ya mtu ni chafu, kama dirisha la jiko la kuni. Mchoraji alikuwa ni mashine ya kusafisha. Aliondoa moshi, akafuta damu, na pale ambapo kamera haikuona aliweka kile ambacho kilipaswa kuwapo, kwa kuwa alikuwa ameonyeshwa matumbo elfu kumi na mbili na alijua tumbo linavyokuwa. Daktari alitazama kioo kikubwa ukutani, akaona tumbo safi kama la kitabuni. Mshika kamera peke yake, kwa sababu ilibidi ajue lini lenzi imechafuka, alikuwa na kioo kidogo kama kiganja kilichoonyesha picha mbichi.

Basi jana, saa tatu na kitu, Dokta Siwema Pazi alikuwa anamaliza kukichambua kifuko cha nyongo. Moshi ulikuwa mwingi. Kwenye kioo kidogo, pembeni kabisa, mbali na ncha ya kifaa, Kashindye aliona utumbo unageuka rangi. Doa jeupe lilitokea, kubwa kama ukucha wa kidole gumba, jeupe kama ute wa yai ulioiva. Alihesabu pumzi mbili. Moshi ukalifunika.

Yeye na Dokta Siwema walikuwa watani. Yeye Mnyamwezi, Dokta Mzaramo, na tangu siku ya kwanza hawakuwahi kusemezana lolote chumbani mle pasipo kuchokozana. Ndivyo alivyosema na jana.

"Mzaramo, umeunguza mboga huko!"

Chumba kizima kikacheka. Fundi Ntakije, msichana wa Kasulu aliyekuwa akimtunza Mchoraji, alicheka mpaka akashika meza.

Dokta hakuinua macho. "Mtumwa wangu, mboga yangu na sufuria yangu. Babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe unashindwa kubeba kamera?"

"Walibeba mpaka kwenu, mkawapa maji ya chumvi."

Wakacheka tena. Kashindye aliporudisha kamera pale pale, utumbo ulikuwa umejikunja na kulificha doa. Kwenye kioo kikubwa mahali pale palikuwa na rangi ya waridi, salama, panang'aa. Alijiambia kwamba macho ya uzee yana mambo yake. Usiku mzima macho ya uzee hayakufumbwa.

*

Sasa gari lilikuwa linakata miombo, na kilindo kilikuwa sakafuni kati ya miguu yake. Akakiacha hapo hapo, akaenda behewa la mitambo.

"Fundi, nionyeshe picha mbichi ya jana. Ya mama wa mawe."

Ntakije alitoa kitu masikioni. "Mbichi? Mzee, mbichi ni takataka. Siku ya tatu inafutwa yenyewe."

"Leo ni ya pili."

Msichana alimtazama, akaacha kutabasamu, akaitafuta. Aliziweka picha mbili kwa pamoja, kushoto mbichi, kulia ile iliyochorwa. Saa tatu na dakika kumi na nne. Upande wa kushoto moshi ulitanda, na katika mpasuko wa moshi doa jeupe likaonekana kwa pumzi mbili, kama Kashindye alivyohesabu. Upande wa kulia utumbo ulikuwa mzima.

"Simamisha hapo," Kashindye alisema. "Kuza huu mzima."

Ntakije alikuza. Juu ya utumbo ule wa waridi kulikuwa na kifundo kidogo cha uzi. Uzi wa buluu, umezungushwa mara tatu, mikia yake miwili mirefu kuliko inavyotakiwa.

"Huyu mama amewahi kupasuliwa zamani?" Ntakije aliuliza.

"Hajawahi. Niliandika fomu yake mwenyewe."

"Sasa uzi huu..."

"Uzi huu naujua."

Uzi ule ulikuwa wa Mzee Bitaho, fundi baiskeli wa Kaliua. Katika ujana wake alipigwa pembe na nyati, akashonwa utumbo na mtu fulani katika misheni ambayo sasa haipo, mtu aliyefunga vifundo kwa kuzungusha mara tatu na kuacha mikia. Miezi minne iliyopita Gari la Tundu lilimtoa uvimbe Bitaho, na Kashindye alikuwa ameishikilia kamera juu ya kifundo kile muda mrefu, wote wakistaajabu. Bitaho alitelemka ngazi kwa miguu yake, bangili kijani. Gari liliporudi Kaliua, mkewe alikuja stesheni kurudisha bangili. Alisema maneno machache tu: "Alikuwa mzima mpaka alipokuwa maiti." Siku ya sita. Wakampa pole. Hakuna aliyeuliza zaidi.

"Mchoraji ameonyeshwa kila tumbo tulilolifungua," Ntakije alisema polepole, kama anajieleza mwenyewe. "La Bitaho limo ndani yake. Pale moshi ulipofunika, hakuona. Hakuona, akaazima."

"Kwa marehemu."

"Hajui nani marehemu, mzee."

"Tafuta uzi huo kwingine."

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kioo kilijaa picha moja baada ya nyingine, matumbo ya watu wa Urambo, wa Uvinza, mwingine wa Kazuramimba, na ndani ya kila moja kifundo kile kile, mikia ile ile mirefu. Watu saba. Bitaho alikuwa ametembea ndani ya watu saba.

"Wote wako hai?" Kashindye aliuliza.

Habari hizo haziletwi garini. Gari hupita.

"Na kifaa cha jana," Kashindye alisema, "ngozi yake ya plastiki imeoshwa mara ngapi?"

Msichana alitazama orodha. "Thelathini na nane."

"Inaruhusiwa?"

"Kumi na tano."

Hapo hapakuhitaji msomi. Ngozi ya kifaa imepasuka ufa mwembamba usioonekana kwa macho, umeme unavuja ubavuni, unachoma pale ambapo hakuna anayetazama. Utumbo uliochomwa hautoboki siku hiyo. Unakufa kidogo kidogo, kisha siku ya nne, ya tano, unaachia.

*

Dokta Siwema alikuwa amesimama dirishani anasoma ujumbe wa Uvinza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mfupi, mwepesi, mwenye tabia ya kuvua viatu akifikiri. Viatu vilikuwa kando.

"Kuna mama Uvinza, anaitwa Yudita," alisema kabla Kashindye hajafungua mdomo. "Mimba imetunga nje ya kizazi, imepasuka. Anavuja ndani kwa ndani. Tuna saa nne. Osha kamera, mtumwa wangu."

"Dokta."

Hakumwita Mzaramo. Hakumwita mtani. Dokta akageuka.

Alimweleza. Ntakije alikuwa nyuma yake na picha mkononi, akazionyesha. Dokta alizitazama muda, akarudi akazitazama tena. Kisha akakaa juu ya kiti, miguu mitupu imegusana.

"Ulisema," alisema. "Nakumbuka. Umeunguza mboga. Lakini ulisema kwa utani, Mzee Kashindye."

"Nilipitia mlango niliokuwa nao. Mimi wa darasa la saba ningesema kavu mbele ya watu kwamba umechoma utumbo, ungenitoa chumbani."

"Ningekutoa," alisema.

Alipiga simu. Njia ilikuwa ya reli moja na gari la mizigo lilikuwa linakuja nyuma, kurudi hakukuwezekana. Alipiga hospitali ya Tabora, akaomba wamfuate mgonjwa Usinge. Sauti ya huko ilikuwa ya upole. Bangili yake ni kijani, Daktari. Hatutoi gari la wagonjwa kwa kijani. Alipiga zahanati ya Usinge. Nesi mmoja, na mashine ya kusoma bangili. Amepita hapa sasa hivi, nesi alisema, anaimba.

"Bangili inapima maumivu, na maumivu hatayasikia," Dokta alisema akiweka simu. "Tumempandikizia punje ya dawa kidondani. Siku sita hasikii kitu. Ndiyo sifa yetu hiyo, wagonjwa wetu hawaumwi."

"Lazima mtu akae naye ashike tumbo asubuhi na jioni," Kashindye alisema. "Nitatelemka Nguruka, nirudi."

"Na kamera Uvinza atashika nani?"

"Mkono wa chuma."

"Mkono wa chuma hauna kioo kidogo. Wewe ndiye jicho pekee humu linaloona kitu chenyewe. Ukitelemka, mimi nitakuwa naona anachotaka Mchoraji nione."

"Mzime."

"Nimzime?" Alicheka bila furaha. "Mimi nimefundishwa na Mchoraji, mzee. Sote wa rika langu. Sijawahi kuona tumbo lenye moshi. Nikimzima nitakuwa kama mtu aliyeujua mji kwa ramani, halafu ashushwe katikati yake wakati wa ukungu."

"Basi usimzime."

"Nisipomzima nitajuaje ninachokikata ni cha Yudita na si cha Bitaho?"

Kashindye alisogea dirishani. Aliangalia nje. Maji ya mbuga yalianza kuonekana, na vichuguu virefu vimesimama ndani yake kama watu wanaosubiri zamu.

Nguruka gari lilisimama kupisha gari jingine, dakika kumi na mbili. Kashindye alikuwa na mfuko mmoja tu. Maisha yake yote yalikuwa ya mfuko mmoja. Dokta alimfuata mpaka mlangoni bila viatu.

"Kashindye. Mmoja anavuja damu sasa hivi. Mwingine anaimba."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana gani?"

"Anayevuja, kila mtu anamtazama. Anayeimba hana mtu."

"Hiyo si hesabu."

"Sijasema ni hesabu."

Alitelemka. Hakuwa na uhakika. Alipokanyaga kokoto alitamani gari liondoke upesi ili asiweze kurudi, nalo likakaa dakika zake zote kumi na mbili, na Dokta amesimama mlangoni, wanatazamana, hakuna aliyetania.

*

Genge la matengenezo ya njia lilimpakia kwenye kiberenge, kigari chao kidogo cha reli. "Umeachwa na gari, mzee?" mnyapara aliuliza. "Nimeliacha mimi," alijibu, wakaona ni mzee mwenye majivuno, wakampa nafasi penye kivuli.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa Nyamizi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka stesheni ya Usinge. Mwenyewe alikuwa uani anapura maharage kwa fimbo, na mama mkwe wake, Bibi Sungwa, anapepeta.

"Mwangaluka," Kashindye alisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, baba! Asali imekwisha upesi hivyo?"

Kashindye hakucheka. Alikuwa ameapa njiani kwamba asiseme neno hili kwa kuzunguka tena. "Mwanangu, nimekuja kukwambia tumekuharibu. Tulipokutoa nyongo, kifaa chetu kilikuchoma utumbo. Mimi niliona. Nikasema kama mzaha, nikanyamaza."

Fimbo ilisimama hewani. Kisha Nyamizi akaitua, akaruka juu mara mbili palepale uani, miguu yote pamoja. "Tazama! Kuna kilichoharibika hapo?" Akamwinulia bangili. "Kijani."

"Itakuwa kijani mpaka mwisho."

"Baba, wewe umechoka. Kunywa maji."

Mume wake alikuwa machimboni Chunya. Aliyebaki na sauti nyumbani ni Bibi Sungwa, na Bibi Sungwa hakuwa ameacha kupepeta. "Mtu aliyekupasua anarudi kwa miguu kukwambia kakukosea," alisema. "Nimeishi miaka sabini na tisa sijaliona hilo. Wakikosea hawarudi. Huyu akae."

Akakaa. Lakini kumshika tumbo mama wa watu, mume hayupo, hilo Bibi alilikataa katakata. "Nielekeze mimi." Basi Kashindye alimfundisha kwa unga wa mtama uliokandwa ndani ya bakuli na kwa kibao cha kukatia nyama. "Ukibonyeza ukakuta hivi, laini, mwache. Ukikuta hivi, niite hata kama anacheka." Alilala kwenye bani la tumbaku lililokuwa tupu. Asubuhi na jioni Bibi alitoka nje akasema, "Unga." Kashindye akashukuru, na papo hapo akaona aibu, maana kila "unga" lilimaanisha kwamba huenda ameacha kamera Uvinza bure.

Alimwota Bitaho. Alikuwa amekaa juu ya baiskeli iliyopinduliwa, anazungusha pedali, anatazama gurudumu kama vile ndani yake kuna picha.

Jioni ya pili Nyamizi alimletea ugali mwenyewe, akachuchumaa mlangoni mwa bani.

"Baba, niambie kweli. Unaogopa kufungwa?"

"Naogopa kukuzika."

"Na ukikuta nimepona tu?"

"Nitakuwa mjinga. Ujinga nimeuzoea."

Alicheka, halafu kicheko kikamwishia, akajishika tumbo kwa viganja viwili, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. "Sisikii kitu," alisema. "Sasa hicho ndicho kinanitisha. Hata mtoto angekuwemo ningesikia kitu."

Asubuhi iliyofuata, siku ya tano tangu alazwe mezani, Bibi Sungwa alikuja mwenyewe mpaka bani, kanga moja begani, anapumua.

"Kibao," alisema.

Nyamizi alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji. Macho yalikuwa yamezama, ngozi imepauka kama majivu, midomo imekauka, lakini alikuwa anakunywa uji. "Kibao gani na mimi nina njaa?" aliuliza. Bangili ilikuwa kijani. Kashindye alimpigia nesi wa zahanati. Nesi akasoma mashine, akasema yuko vizuri. Akapiga Tabora. Ile sauti ya upole ikamwambia yale yale.

Hapo alikumbuka jambo ambalo kila mtu wa Gari la Tundu alifundishwa siku ya kwanza: bangili ikikatwa huhesabu kwamba mtu amepatwa na ajali kubwa, na kuikata kwa makusudi ni kosa la jinai.

"Bibi, niletee panga. Na gogo."

"Unanikata mkono?" Nyamizi aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliogopa.

"Tulia tu."

Aliuweka mkono juu ya gogo, akapenyeza ukingo wa panga chini ya bangili, akaliinua kwa nguvu zake zote. Bangili ilipasuka. Ikageuka nyekundu, ikaanza kulia mlio mmoja mrefu ambao haukukoma hata Bibi alipoitumbukiza ndani ya mtungi.

Helikopta ilitua kwenye shamba la maharage saa mbili na nusu baadaye.

*

Nyamizi alifunguliwa Tabora kwa kisu kirefu, kuanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Aliyemfungua ni daktari mzee aliyeitwa kutoka nyumbani alikokuwa amestaafu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua. Tundu lilikuwa pale Kashindye aliposema. Alikaa miezi mitano na mfuko wa choo ubavuni, kisha utumbo ukaunganishwa, akarudi Usinge. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alikufa kwa kuumwa na nyoka wakati wa palizi.

Yudita alifia mezani Uvinza siku ile ile Kashindye alipopanda kiberenge. Dokta Siwema alianza na Mchoraji. Katikati ya kazi aliona kitu asichokiamini, akamzima, na ndani ya moshi hakuupata mshipa uliokuwa unavuja damu. Uchunguzi uliandika kwamba haijulikani kama mshika kamera angebadili lolote. Yudita aliacha mtoto wa miaka mitatu, akalelewa na dada yake.

Dokta Siwema aliacha gari. Alikwenda kwa yule daktari mzee wa Tabora akakaa miaka miwili anajifunza kufungua tumbo kwa mikono. Sasa anafanya kazi katika wilaya isiyopitiwa na reli.

Ntakije alinakili picha mbichi kabla hazijafutwa, akazipeleka kwa wachunguzi bila ruhusa. Alifukuzwa kazi. Anatengeneza pampu za maji Kasulu.

Kati ya wale saba waliokuwa na uzi wa Bitaho, wanne walikutwa wazima, wawili walikuwa wamezikwa, mmoja alihamia ng'ambo ya mpaka na hakupatikana. Uzi wenyewe haukutolewa ndani ya Mchoraji, kwa kuwa hakuna aliyejua utatolewaje.

Gari la Tundu lilisimamishwa miezi minane. Watu kumi na tisa waliokuwa kwenye orodha walikufa wakilisubiri. Liliporudi, Mchoraji alikuwa anazungushia mstari wa njano kila sehemu ambayo hakuiona. Mwaka wa pili madaktari walilalamika kwamba njano imezidi, wanashindwa kufanya kazi, ikapunguzwa.

Bibi Sungwa alikufa mwaka uliofuata ule wa helikopta, usingizini.

Kashindye alishtakiwa kwa kuacha kazi na kuharibu kifaa. Alipewa kifungo cha nje cha miezi sita, akaachishwa kazi. Kilipokwisha alikwenda Uvinza kwa ndugu wa Yudita, akajitambulisha. Walimpa kiti na maji. Hakuna aliyemwuliza lolote, naye hakusema, jioni akaondoka. Alihamia Mpanda, akawa mlinzi wa ghala la mahindi. Alipatwa na ngiri. Aliambiwa mara mbili kwamba Gari la Tundu lingemtoa kwa siku moja tu, akakataa mara zote mbili. Alikufa akiwa na miaka sabini na minne, na ngiri yake.